Tikiti ya chama au mgombea huru: ulinganisho kwa anayewania kiti cha MCA kwa mara ya kwanza

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao wa Kenya utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10, na katika nyingi ya wadi 1,450 za nchi hii tayari yuko mtu aliyeanza kuhudhuria matanga ya watu asiowafahamu na kuwasalimia majirani kwa bidii isiyo ya kawaida. Huyo hana haja ya kuulizwa kama atawania kiti cha MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Swali analolala nalo ni jingine: aitafute tikiti ya chama, au ajitokeze kama mgombea huru? Nimeshiriki kampeni za wadi kwa pande zote mbili, mara nikikusanya saini, mara nikiwa wakala katika kituo cha kupigia kura, na ninamwandikia huyo wa mara ya kwanza, si mheshimiwa anayetetea kiti chake, maana hesabu zao hazifanani hata kidogo.

Yapo mambo ambayo hayabadiliki kwa njia yoyote atakayoichagua. Ni lazima awe mpiga kura aliyesajiliwa, awe raia kwa muda usiopungua miaka 10 kabla ya uchaguzi, asiwe amefilisika kisheria, wala asiwe anatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi. Mwalimu, chifu au mfanyakazi mwingine wa umma hutakiwa kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa 9 Februari, na wapo waliozinduka tarehe 10. Sharti la shahada ya chuo kikuu, lililowatia wengi hofu, lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2021 kwa upande wa MCA. Ada ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa kiti hiki, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mtu asikubali kuambiwa kwamba njia moja ni ya wasomi au ya matajiri na nyingine ya wengineo. Kwenye mlango wa tume, wote hupimwa kwa kipimo kimoja, isipokuwa katika jambo la nani anayewadhamini.

Kuupata mlango

Anayepitia chama hudhaminiwa na chama. Huweza kuipata tikiti kwa mchujo wa wanachama wote, kwa kura ya wajumbe, au kwa tikiti ya moja kwa moja inayotolewa baada ya kile kinachoitwa makubaliano, neno ambalo mara nyingi maana yake ni kwamba watu wanne wameketi hotelini na watatu wamerudi nyumbani na nauli. Juu ya ada ya tume, hulipa pia ada ya chama. Akidhulumiwa, hupaswa kuanza na kamati ya mizozo ya chama chenyewe, kisha jopo la kutatua mizozo ya vyama vya siasa, kisha mahakama, na hayo yote hufanyika katika siku chache ambazo mpinzani wake tayari anazitumia kufanya kampeni na cheti mkononi.

Mgombea huru hudhaminiwa na watu. Katiba, katika Kifungu cha 193, inamtaka aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo hiyo. Kazi hii huonekana nyepesi hadi mtu aketi na karatasi mbele yake. Ninakumbuka alasiri moja tulipokuwa chini ya mwembe tukizipitia karatasi zilizoletwa na vijana wawili wa bodaboda: zilikuwa na majina 64, na 19 kati yake yalikuwa na mwandiko mmoja, kalamu moja ya buluu, na saini zote zimeinamia kushoto. Vijana wenyewe hawakuficha kitu walipoulizwa. Mama mmoja mwenye duka alikuwa amewaandikia ukoo mzima ili wasisumbuke kuzunguka. Tuliyafuta yote 19. Katika yaliyobaki, saba yalikuwa ya watu wanaolala wadini kwetu kila siku lakini waliojisajili kupiga kura kule walikosomea au walikozaliwa. Majina 64 yakatuachia 38 ya kutegemewa, na kwa kiwango hicho anayehitaji saini 500 safi hana budi kulenga zaidi ya 800. Lakini kazi hiyo ina faida ambayo anayepewa tikiti ofisini haipati: kabla ya kampeni kuanza rasmi, tayari umebisha hodi katika nyumba mamia kadhaa, na unajua ni kijiji gani watu wanakuuliza maji na ni kipi wanakuuliza baba yako ni nani.

Mgombea huru hutafuta pia alama yake mwenyewe na kuiwasilisha kwa tume angalau siku 21 kabla ya uteuzi. Hili si jambo la kupuuza. Achague kitu ambacho bibi asiyejua kusoma atakitambua kikiwa kidogo kama kipande cha sarafu: jembe, ndoo, mwavuli. Nimewahi kuona alama ya daraja iliyopendeza sana kwenye bango, lakini kwenye karatasi ya kura ilifanana na kitana.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wasio na chama kuliko wengine wote. Katiba inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mtu husema kwa kujiamini kwamba hajawahi kujiunga na chama. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha wananchi kutazama uanachama wao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Wakenya wengi walikuta majina yao katika vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia hata kwa kunywa soda. Jitazame leo, na ukijikuta mahali, jiuzulu kwa maandishi na uitunze risiti.

Kalenda inayounganisha njia hizi mbili

Watu husema uamuzi huu ni wa mara moja. Si kweli. Mwaka 2022 vyama vilitakiwa kumaliza mchujo kufikia tarehe 22 Aprili, ilhali miezi mitatu ya mgombea huru ilianza kuhesabiwa tarehe 9 Mei. Hapo katikati palikuwa na dirisha la wiki mbili na ushei, ambalo walioshindwa au kunyang'anywa tikiti walilitumia kujiuzulu na kurudi debeni wakiwa huru, kama ilivyokuwa pia mwaka 2017. Kuhamia chama kingine wakati huo hakuwezekani, kwa kuwa orodha za wanachama huwa zimekwisha kufikishwa kwa tume. Kwa 2027, iwapo sheria haitabadilishwa, hesabu ya miezi mitatu inaangukia mwanzoni mwa Mei.

Anayetaka kulitumia dirisha hilo ajue gharama yake. Mgombea aliyeshindwa mchujoni akaibuka huru hulazimika kuwaeleza watu kwa nini alikubali mchezo na akakataa matokeo. Na kama mchujo ulikuwa wa haki, hana jibu. Kama tikiti iliporwa mchana watu wakiona, huruma huwa mtaji mkubwa kuliko tikiti yenyewe. Pia, wiki mbili hazitoshi kukusanya saini na kutengeneza alama kwa mtu ambaye hakuwa amejiandaa. Kwa hiyo anayeingia mchujoni huku akikiacha mlango huu wazi ajiandae kimya kimya tangu Januari.

Nani anayeishika kura yako

Hapa ndipo ninapoona uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Siku ya uchaguzi Mkenya hupewa karatasi sita, na ya MCA ni ya ngazi ya chini kabisa. Kuna wadi ambako mpiga kura huingia na neno moja akilini, suti, yaani chama kimoja kuanzia rais hadi MCA, na mkono wake huitafuta alama ile ile mara sita bila kusoma majina. Aliyekuwa na tikiti ya ODM katika sehemu nyingi za Siaya au Homa Bay, au ya UDA katika sehemu nyingi za Kericho au Bomet mwaka 2022, alianza mbio akiwa amebebwa mgongoni. Na kuna wadi ambako mpiga kura humpa rais kura ya chama, mbunge kura ya ukoo, na MCA kura ya mtu aliyempeleka mtoto wake hospitali usiku wa manane. Katika wadi ya namna hiyo tikiti ni mapambo tu, na wakati mwingine ni mzigo.

Usiulize marafiki wadi yako ni ya aina gani, maana kila mtu atakuambia watu wa kwetu hupigia mtu. Tafuta matokeo ya 2017 na ya 2022, kituo kwa kituo ukiweza, na ulinganishe kura alizopata MCA aliyeshinda na zile alizopata mgombea ugavana na mgombea ubunge wa chama chake hapo hapo wadini. Kama tofauti ni ndogo miaka yote miwili, kiti hicho hushikwa na chama, na wewe mgeni huna nguvu za kukinyakua ukiwa huru. Kama MCA alipata nusu tu ya kura za gavana wa chama chake, au kama alishinda akiwa wa chama tofauti na mbunge, wapiga kura hao huchambua, na jina lako linaweza kupenya. Angalia pia mshindi alipata asilimia ngapi. Kwa wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa mwaka 2022, wastani wa wadi ni kama wapiga kura 15,000, na palipo na wagombea 12 au 15 wanaogawana kura, mtu huweza kuapishwa bila kuungwa mkono na hata robo ya waliojitokeza. Katika uwanja wenye wagombea wengi hivyo, vijiji vitatu vinavyokujua kwa jina vinaweza kukuvusha.

Nguvu ya chama pia haidumu kama watu wanavyodhani. TNA na URP zilizotamba mwaka 2013 zilivunjwa Septemba 2016 kuunda Jubilee. Jubilee ikatawala mwaka 2017. Na kufikia 2022 ngome zile zile zilikuwa zimeipa UDA kura zao. Mtu aliyetafuta tikiti kwa kutazama ramani ya uchaguzi uliopita alichelewa mara mbili mfululizo. Aidha, mwenye tikiti hujibu maswali ambayo si yake: bei ya unga, kodi, maneno ya kiongozi wa chama katika mkutano wa jana. Mgombea huru husalimia kambi zote, ingawa naye hatakosa kuitwa mradi wa fulani, na asipokuwa na jibu fupi la kuaminika kuhusu nani anamfadhili, neno hilo litamfuata hadi kituoni.

Fedha

Hapa tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya ufadhili wa kampeni ipo tangu 2013, lakini viwango vya juu vya matumizi havikutumika katika uchaguzi wa 2022, kwa hiyo kila mtu hutumia anachoweza na wengine hutumia wasichoweza. Anayewania kwa mara ya kwanza hudhani chama kitamletea pesa. Kwa niliyoyaona, mwelekeo huwa kinyume: tawi humwomba yeye alete mabasi siku kiongozi wa chama anapokuja, awalishe vijana, na avae kofia zenye picha ya mwingine. Anachokipata kwa kweli ni jukwaa, yaani dakika mbili mbele ya umati ambao asingeweza kuukusanya mwenyewe. Mgombea huru hulipia kila kitu, lakini hulipia vyake tu.

Usiku wa kuhesabu

Kuhusu mawakala, sheria ya uchaguzi ina kipengele ambacho wagombea wapya hawakisomi. Chama huteua wakala mmoja kwa niaba ya wagombea wake wote katika kila kituo. Mgombea wa chama huweza kujiwekea wakala wake pale tu chama kinapokosa kuteua. Mgombea huru huteua wake mwenyewe. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, hivyo wadi ya wapiga kura 15,000 ina vituo visivyopungua 22. Kwa mgombea huru hao ni watu 22 wa kuwatafuta, kuwafundisha, kuwalisha na kuwarudisha nyumbani, na akikosa pesa za hao, heri asianze.

Lakini fikiria darasa la shule ya msingi saa nane usiku. Kura za rais zimehesabiwa kwanza, kila karatasi imeinuliwa juu ya taa, kila wakala amesimama amenyoosha shingo. Zinapofika kura za MCA, wakala wa chama amelaza kichwa juu ya dawati. Kazi aliyotumwa na chama, fomu ya rais, ameshaipiga picha na kuituma. Msimamizi anasoma namba, karani anaandika, na kama 87 imeandikwa 78 hakuna wa kuuliza. Nilikuwa katika chumba cha namna hiyo, na aliyeinua mkono alikuwa msichana wa mgombea huru, aliyekuwa amepewa kazi moja tu duniani usiku ule: Fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA kituoni. Mgombea wa chama anaweza kuupunguza upungufu huu kwa kuwajua mawakala wa chama chake kwa majina wiki kadhaa kabla, na kukiomba chama kiwape nafasi watu wa wadi badala ya wageni walioletwa kutoka makao makuu ya kaunti. Wengi hawafanyi hivyo, kwa kudhani kwamba chama kinawalinda.

Ukishinda, ukishindwa

Katika bunge la kaunti, wenye chama hugawana kamati kupitia viranja na kiongozi wa wengi au wa wachache. MCA huru hupewa nafasi kwa hisani au kwa sababu kura yake inahitajika. Bunge likiwa limegawanyika karibu sawa, yeye ndiye anayetafutwa usiku kabla ya kumchagua spika. Chama kimoja kikiwa na theluthi mbili, hukaa nyuma na kusubiri barabara yake iingizwe kwenye bajeti. Mfano mkubwa wa upweke huu ni wa ngazi ya juu zaidi: Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru mwaka 2022 akiwa huru, bunge la kaunti likapiga kura ya kumwondoa mara tatu, na Agosti 2024 Seneti ikakubali. Hata hivyo Andrew Mwadime, aliyeshinda ugavana wa Taita Taveta mwaka huo huo wa 2022 akiwa huru, hakufikwa na hatima hiyo, kwa hiyo kukosa chama peke yake hakutoshi kuwa sababu.

Pingu zipo pande zote mbili. Kifungu cha 194 kinasema aliyechaguliwa kwa chama akikihama hupoteza kiti, na aliyechaguliwa akiwa huru akijiunga na chama hukipoteza vilevile. Wapo wanaodhani uhuru ni chumba cha kusubiria, kwamba watashinda kwanza kisha wajiunge na upande wenye gavana. Wanaweza kushirikiana nao na kupiga kura nao, lakini kadi hawawezi kuichukua kwa miaka mitano.

Kwa anayeshindwa, mahakama haitofautishi. Ombi la kupinga uchaguzi wa MCA hupelekwa kwa hakimu ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa, na dhamana ya gharama ni shilingi 100,000. Mwanamke mwenye chama hukutana na jambo la ziada kabla ya hapo: mara nyingi huombwa ajiondoe mchujoni kwa ahadi ya kiti cha uteuzi, kwa kuwa viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na viti vilivyoshindwa wadini. Orodha hiyo huandaliwa na chama, na ahadi ya mdomo si nafasi katika orodha. Kama hukuonyeshwa jina lako na namba yake, hukuahidiwa kitu.

Chama kidogo

Wengine hupendekeza njia ya katikati: kuchukua tikiti ya chama kidogo ambacho hakina mchujo. Unaepuka saini 500, unapewa alama siku hiyo hiyo, na kama chama kimo ndani ya muungano mkubwa unaweza kuimba wimbo wa rais wao. Ninaiona njia hii kuwa dhaifu kuliko sifa zake. Unabeba alama isiyojulikana kama ya mgombea huru, bila kupata uhuru wake. Na Kifungu cha 194 kinakufunga kwa chama ambacho huenda kiongozi wake atakijadili katika meza usiyoalikwa. Njia hii inafaa tu pale ambapo kiongozi wa chama hicho kidogo ni mtu wa kwenu na jina lake lina uzito wadini kwako.

Kama ningeulizwa leo na kijana wa wadi yenye suti, ningemwambia aingie mchujoni akiwa na nia ya kushinda huko, kwa kuwa huko ndiko uchaguzi wake wa kweli uliko, na karatasi za saini azifungie kabatini hadi Aprili. Mwenye wadi ya wanaochambua ningemshauri asipoteze hata mwezi mmoja katika ofisi za chama. Asiyejua yake ni ipi atafute matokeo ya 2017 na ya 2022 kabla ya Krismasi ya 2026, na wakati huo huo athibitishe kituo chake mwenyewe cha kupigia kura kiko wapi. Katiba haimlazimishi kujisajili katika wadi anayoiwania, lakini mpinzani akigundua kwamba hataweza hata kujipigia kura, ataisimulia habari hiyo kila jioni hadi Agosti.